Katekista aliyeandika penzi la kale, na deni la bara ya Kilwa

Likawage ikitajwa gazetini, aghalabu ni kwa sababu ya ufuta, mpingo au tembo. Ni kata ya bara katika Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, upande unaotazama lile pori kubwa tulilozoea kuliita Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watalii wanaokuja Kilwa hushukia Masoko, wakavuka bahari kwenda kuyaona magofu ya Kisiwani na Songo Mnara, wakapiga picha zao wakaondoka. Huku bara hawafiki. Wanahistoria nao hufika kwa kalamu tu. Huitaja nchi ya Wangindo kwa kuwa misafara ya pembe na watumwa iliikatiza ikielekea Kilwa Kivinje, au kwa kuwa Vita vya Maji Maji viliipitia kuanzia 1905 vikaacha njaa na mahame.

Sina ugomvi na ufuta, wala na historia ya vita. Kinachonikera ni kwamba ukizikusanya habari zote hizo hukuti mtu na mkewe. Unakuta wapagazi, humkuti aliyewasindikiza hadi njia panda. Unakuta waliokunywa maji ya Kinjikitile wakaenda vitani, lakini huambiwi nani aliwazuia wasiende, nani alibaki akisubiri, na nani alichoka kusubiri akaolewa kwingine. Mababu na mabibi wa kusini wameachwa vitabuni na mizigo vichwani na mikuki mikononi, kana kwamba hawakuwahi kuchumbiana, kununiana, kuachana na kurudiana.

Yuko Mtanzania aliyeliona pengo kama hilo kwao, akakaa chini akaliziba kwa mkono wake mwenyewe. Kwao si Kilwa. Ni Ukerewe, kisiwani katika Ziwa Victoria, pembe nyingine kabisa ya nchi. Jina lake Aniceti Kitereza. Wenzetu wa Marekani wana rafu nzima madukani kwa ajili ya riwaya za mapenzi ya zama za kale zinazoandikwa na Wakristo. Kitereza hakujua kama kuna rafu ya namna hiyo. Alikuwa katekista, alikuwa na mke anayempenda, na alikuwa na wasiwasi kwamba wazee wake wangekufa na maneno yao.

Alizaliwa 1896, katika ukoo wa Wasilanga, ndio waliokuwa watawala wa Ukerewe. Baba yake alifariki mapema, naye akalelewa katika boma la Omukama Mukaka, aliyekuwa mtawala wa kisiwa wakati huo. Jambo hili tusilipite haraka. Mtoto anayekulia kwenye boma la mtawala hasimuliwi mila. Anaziona zikifanya kazi. Anaona mume aliyempiga mkewe akiletwa kuamuliwa, anasikia wazee wakibishana kuhusu ng'ombe wa mahari, anajua nani hutangulia kuonja pombe na nani hukaa wapi. Baadaye mtu akija kusoma riwaya yake na kushangaa imekuwaje mwandishi akakumbuka mpaka namna mkwe anavyopisha njia, jibu liko hapo bomani.

Kutoka bomani alipelekwa kwa mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kwa jina la Mapadre Weupe, waliokuwa na misheni yao Kagunguli. Akabatizwa, akasoma, akaonekana ana kichwa chepesi. Akavushwa ziwa kwenda seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, na huko akakaa miaka 10 hivi akijifunza Kilatini, Kigiriki, Kijerumani, falsafa na teolojia. Wakati huo Wajerumani ndio waliokuwa wakitawala. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, ikaisha, Waingereza wakashika nchi, na kijana yule aliyekuwa akiandaliwa upadre akaamua njia nyingine. Alirudi nyumbani akamwoa Anna Katura. Akawa mtu wa misheni, katekista, na kwa muda akafanya kazi katika biashara ili maisha yaende.

Hapa ndipo maisha yake yanapogusana na kitabu chake. Aniceti na Anna walizeeka bila mtoto. Kwa Mkerewe wa zama zile, na kusema kweli kwa Mtanzania wa zama zozote, hilo si jambo la wawili tu. Lina mashangazi, lina wajomba, lina mama mkwe anayehema kwa nguvu kila akimwona mjamzito wa jirani. Mwanamume wa ukoo wa kitawala asiye na mtoto huambiwa waziwazi aongeze mke. Kitereza hakuongeza. Kanisa lilimkataza, ndiyo, lakini wako wengi waliokatazwa na kanisa na bado wakaongeza. Yeye alibaki na Anna mpaka uzeeni.

Sasa mtazame Myombekere. Ndiye shujaa wa riwaya aliyoiandika Kitereza, na mkewe anaitwa Bugonoka. Wanapendana, hawana mtoto. Ndugu wa mume wanachoka kuvumilia. Maneno yanasemwa mbele ya Bugonoka ambayo hayastahili kusemwa mbele ya mwanamke yeyote, na wazazi wake wanapopata habari wanaona heri binti arudi nyumbani kuliko kudhalilishwa. Anachukuliwa. Myombekere anabaki peke yake kwenye mji wake, ng'ombe wanalia, moto umezimika, chakula hajui aanzie wapi. Mwanamume mzima anajikuta anafanya kazi ambazo hakuwahi kuziona zikifanyika, maana zilikuwa zikifanyika tu. Hapo ndipo anapoanza kumfuata mkewe ukweni.

Ukweni hawamrudishii hivihivi. Baba mkwe anamtoza faini ya pombe ya ndizi. Mwandishi mwingine angesema kwa sentensi moja kwamba faini ililipwa, akasonga mbele. Kitereza anakataa. Anataka tujue pombe hiyo inapatikanaje, nani anaombwa ndizi, nani anakuja kusaidia, na inakuwa aibu ya namna gani siku ya kuipeleka ikikosa kuiva. Anayeijua kazi hiyo ya nchi za Maziwa Makuu ataelewa kwa nini haiwezi kuharakishwa. Ndizi mbichi hufukiwa shimoni juu ya majani makavu yanayofuka moto, zikafunikwa kwa majani ya mgomba na udongo, zikaachwa siku kadhaa mpaka ziive. Humenywa, zikakandwa kwa nyasi hadi maji yatoke, maji yakachujwa, ukatiwa unga wa mtama uliokaangwa, ndipo kinywaji kikaachwa kichachuke. Katika shughuli yote hiyo mume mkosefu hawezi kujitosheleza. Anahitaji majirani. Faini ile si adhabu ya mfukoni. Inamlazimisha mtu kutangaza mbele ya kijiji kizima kwamba anamtaka mke wake.

Mimi sijasoma tamko la mapenzi lililo zito kuliko hilo katika riwaya ya Kiswahili. Hakuna anayeimba chini ya mwezi, hakuna barua yenye manukato. Kuna mwanamume anayehangaika kutafuta ndizi.

Bugonoka anarudi. Mganga anatafutwa, dawa zinatumiwa kwa masharti na muda wake, na hatimaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali. Riwaya inawafuata watoto hao nao mpaka wanakuwa na ndoa zao na vituko vyao. Ni kitabu kinene. Tafsiri yake ya Kiingereza ina kurasa zaidi ya 600, na nisiwadanganye wasomaji, ziko sehemu ambazo hadithi inasimama huku mwandishi akikueleza kilimo, ufugaji, uvuvi, tiba na maziko kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Msomaji aliyezoea vijitabu vya kusomwa safarini kati ya Dar es Salaam na Lindi atavuta pumzi. Mimi naziona kurasa hizo kuwa ndizo zinazofanya penzi la wale wawili liaminike, kwa kuwa unajua wanakula nini, wanalala wapi na wanamwogopa nani.

Ukristo wake uko wapi katika yote haya? Wahusika wake hawajui kanisa. Hadithi imewekwa zama za kabla ya wamisionari kufika, na katekista huyu, aliyefundisha watu sala kwa miaka mingi, amewaacha mababu zake watambike kwa mizimu yao, wapige ramli, wafunge hirizi, wala hamleti padre mlangoni ukurasa wa mwisho kuja kuwaokoa. Hawacheki, hawalaani. Kwa mtu aliyelelewa na mapadre wa mwanzoni mwa karne ya 20, waliohesabu mambo hayo kuwa giza tupu, huo ulikuwa ujasiri.

Ila ukiangalia vizuri, imani yake ipo, imejificha ndani ya ndoa. Myombekere anapata kila sababu ya kumwacha Bugonoka na kila ruhusa ya mila, na hamwachi. Anashikamana naye katika ugumba kabla hajajua kama watoto watakuja. Mkristo atasema hicho ndicho kiapo cha ndoa, Mkerewe wa kale atasema huyo ni mume mwenye akili, na Kitereza amewaacha wote wawili waseme kweli. Sidhani alilipanga kama hoja. Nadhani alikuwa anaandika nyumba yake mwenyewe, akairudisha nyuma miaka mingi, akawapa Myombekere na mkewe wale watoto ambao yeye na Anna hawakubaki nao.

Linganisha na wenzake wa ng'ambo. Mwaka 1979 mwandishi wa Kanada, Janette Oke, alitoa riwaya iitwayo Love Comes Softly, kuhusu mjane kijana kwenye mbuga za walowezi anayekubali kuolewa na mgane mwenye mtoto mdogo ili tu apate pa kukaa, na mapenzi yakaja baadaye pamoja na imani. Kitabu hicho kilifungua soko. Mwaka 1991 Mmarekani Francine Rivers akatoa Redeeming Love, aliyoichukua kutoka kisa cha nabii Hosea na kukiweka California wakati wa homa ya dhahabu ya karne ya 19. Vimeuzwa kwa wingi, vimetengenezewa filamu. Katika vitabu vya namna hiyo kuna kanuni ambayo msomaji huitegemea: kabla ya mwisho, mmoja wa wapendanao atapiga magoti. Sivibezi, vina wasomaji wake hata hapa kwetu, na kina mama wengi wa makanisa ya mjini wanavipokezana. Lakini Kitereza alifanya jambo gumu zaidi. Aliwaamini watu wa kale kwamba wangeweza kupendana kwa uaminifu kabla hajaja mtu wa kuwafundisha.

Na alilipwa nini? Alikamilisha muswada wake kwa Kikerewe mwaka 1945. Nani angechapa kitabu kikubwa hivyo kwa lugha ya kisiwa kimoja? Padre mmoja Mkanada, Almas Simard, alikipenda, akaanza kukitafsiri kwa Kifaransa, lakini akafariki kabla kazi haijafika kwa wachapaji. Miaka ikapita. Uhuru ukaja, Azimio la Arusha likaja, muswada bado. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig. Gerald alikuwa mwanahistoria anayetafiti biashara ya masafa marefu ya Wakerewe. Wakamkuta mzee anaumwa viungo, na wakaambiwa kuhusu rundo la karatasi. Ndio waliomwandika katika majarida ya wasomi na kuhangaika kumtafutia njia.

Njia yenyewe ilikuwa Kiswahili. Kitereza, akiwa mzee, alikaa akakitafsiri kitabu chake chote yeye mwenyewe. Fikiria uzito wa kazi hiyo kwa mikono yenye maumivu. Mwaka 1980 Tanzania Publishing House, iliyokuwa chini ya Walter Bgoya, ikakitoa kwa juzuu mbili, jina lake refu kama kitabu chenyewe: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka 35 tangu muswada wa kwanza. Mwaka uliofuata, 1981, Kitereza akafariki bila kukishika mkononi.

Baadaye dunia ikaamka. Wilhelm Möhlig, mtaalamu wa lugha za Kiafrika, alikitafsiri kwa Kijerumani, kikatoka Wuppertal mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sehemu mbili. Kikatoka kwa Kifaransa. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na mtoto wa Ukerewe, alikitafsiri kwa Kiingereza kutoka Kikerewe, na aliyekichapa ni Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha yuleyule Bgoya. Kwa hiyo mhariri mmoja wa Dar es Salaam ndiye aliyekifikisha kitabu hicho kwa wasomaji mara mbili, kwa lugha mbili, kwa tofauti ya miaka 22. Anastahili kushukuriwa waziwazi, maana wachapishaji tunawakumbuka tunapodai mirabaha tu.

Nirudi kusini. Mtu atauliza, je, pwani yetu haina waandishi wake? Inao, tena wakubwa. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapwa 1969 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi. M. G. Vassanji ameiweka Kilwa katika riwaya yake ya 2012, The Magic of Saida, na humo kuna mapenzi. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, ametupa Hamza na Afiya katika Afterlives, wapendanao wa mji wa pwani waliokanyagwa na vita vya Wajerumani. Vizuri sana. Ila tazama wengi wao wamesimama wapi: mjini, kwenye upepo wa bahari, karibu na msikiti wa Ijumaa na duka la Mhindi. Bara huonekana kama mahali watu wanakotoka, au wanakopelekwa kufa.

Yupo pia James Mbotela, ambaye kwa jicho langu ndiye jamaa wa karibu wa Kitereza kwa upande wetu. Alikuwa Mkristo wa Freretown, kijiji cha Mombasa kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na baba yake alikuwa Myao aliyekuwa mmoja wao. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilitoka London mwaka 1934. Wahakiki wamekilaumu, na wana haki, kwa namna kinavyowavisha Waingereza mabawa ya malaika. Lakini ni kitabu cha Mwafrika kuhusu biashara ambayo bandari yake kuu ya bara ilikuwa hapa, Kilwa Kivinje, mpaka Sultani Barghash wa Zanzibar alipolazimika kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari mwaka 1873 na misafara ya nchi kavu mwaka 1876. Mbotela aliandika minyororo. Wachumba waliotenganishwa na minyororo hiyo hakuwapa nafasi kubwa. Kazi hiyo imebaki.

Na malighafi haikosekani. Tarehe 14 Agosti 1905, katika nchi ya Liwale, wapiganaji wa Maji Maji walimuua Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini pamoja na mabruda wawili na masista wawili waliokuwa safarini naye. Simulizi ya kanisa imewaandika waliokufa. Wake wa wale wapiganaji hawajaandikwa. Walijua waume zao wamefanya nini? Walipika nini siku ile? Majeshi ya Wajerumani yalipokuja kuchoma maghala ya chakula, nani alimbeba nani mgongoni? Riwaya ya Kikristo ya kweli ya kusini mwa Tanzania ingeanzia hapo, kwenye kifo ambacho pande zote mbili zina cha kukiungama, na isingekuwa riwaya ya kumpendeza kila mtu.

Au chukua Tendaguru, bara ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya vibarua wa hapa walifukua mifupa ya wale mijusi wa kale wakubwa, wakaibeba kichwani mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini, ikapakiwa kwenda Berlin, ambako mmoja wao amesimamishwa mpaka leo. Vibarua wengi walikaa kambini na wake zao na watoto. Kambi ya miaka minne, yenye mishahara, wageni na mwali wa kuozwa! Wapi pengine mapenzi yangepata mgogoro mzuri kuliko hapo? Kila mwaka tunadai mjusi arudishwe. Waliomchimba hatujawahi kuwauliza hata majina ya wapenzi wao.

Au miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilipowahamisha Wangindo wengi wa upande wa Liwale, ikitaja ugonjwa wa malale, na nchi yao ikaachiwa wanyama ikawa sehemu ya Selous. Posa iliyokuwa imepelekwa kijiji cha ng'ambo ya mto, kijiji kikavunjwa, bwana harusi akahamishiwa huku na bibi harusi kule, mahari imeshaliwa. Kisa cha namna hiyo mimi sikukitoa kwenye jalada lolote, nimekibuni sasa hivi nikiandika. Lakini nenda Likawage ukae barazani na mtu mwenye umri wa kutosha, utapata cha kweli kilicho kizuri kuliko changu.

Najua pingamizi. La kwanza, bara ya Kilwa wengi ni Waislamu, katekista wa Ukerewe anawahusu nini? Anawahusu kwa sababu hakuandika kitabu cha dini. Mwandishi wa Likawage huenda akawa Mwislamu safi, mwenye kuswali swala tano, na mtihani wake utakuwa uleule wa Kitereza: je, atathubutu kuwaacha mababu wa kabla ya chuoni na kanisani wawe walivyokuwa, bila kuwatukana wala kuwapaka chokaa? Wengi wetu tukiandika wazee huwafanya mashehe au mapadre kabla ya wakati wao.

La pili, mambo ya ndoa ni siri, hayatolewi nje. Hili nalielewa zaidi. Lakini somo wa unyago hakuona haya kuyafundisha, na babu aliyekaa kwenye usuluhishi wa ndoa ngapi sijui ana akiba ya kesi ambazo wahusika wake wote wameshakufa. Kitereza naye hakuingia vyumbani kwa watu. Alisimama uani, akaangalia nani anatoka na nani anaingia, na uso wake ukoje.

La tatu ni lugha. Kitereza alianza na lugha ya mama, Kiswahili kikafuata. Hakufanya hivyo kwa kukosa Kiswahili. Alijua kuna maneno ya ukweni ambayo yakianzia kwa lugha nyingine hupoteza chumvi. Kingindo kipo, kinasemwa, ila watoto wengi wanakua na Kiswahili kitupu. Atakayeandika Likawage na aanze na Kingindo, hata kama ni kwa kurekodi kwenye simu tu, kisha ndipo akigeuze.

Kwa upande wa wapi pa kuupeleka muswada, kijana wa leo ana bahati ambayo Kitereza hakuipata. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, na riwaya ni moja ya nyanja zake. Kuna Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Zote hupokea miswada ambayo haijachapwa. Hakuna sababu ya mtu kusubiri miaka 35.

Ombi langu liende kwa walimu wa Kiswahili wa sekondari za Kilwa na Liwale. Wanafunzi wenu hurudi vijijini wakati wa likizo. Msiwape tena insha ya umuhimu wa misitu. Wapeni swali moja wakamuulize bibi au babu: zamani mke akirudi kwao kwa hasira, mume alimfuata na nini, akapokewa na nani, na akaambiwa alipe nini? Waandike majibu kwa lugha waliyojibiwa. Na ninyi wenyewe kitafuteni kitabu cha Kitereza mkisome kwanza, juzuu zote mbili, hata zile kurasa za uvuvi.